Mstari wa Gasenyi

"Sasa kaka Callixte, kama mashine inajiandikia yenyewe, wewe kazi yako ni ipi?"

Nilimuuliza hivyo mwaka 1996, nikiwa darasa la sita, tukiwa tumekaa uani tunamenya karanga. Nyumba nzima ilicheka. Callixte alikuwa mpangaji wetu hapa mtaani Makanyagio, chumba cha nyuma karibu na kisima. Alicheka kuliko wote, akasema swali zuri hilo, nitakujibu. Hakunijibu.

Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya Warundi waliokimbia mwaka sabini na mbili. Mapadri walimpeleka Dar kusomea kompyuta miaka miwili, na aliporudi akapata kazi kwenye ofisi moja ndogo hapa mjini iliyokuwa inatafuta ndugu waliopotezana vitani. Maana vita vya kwao vilikuwa vimewaka tena, watu wanamiminika kwenye makambi ya Kigoma, na wengi wana ndugu huku kwetu. Ofisi inaandika majina, inayachapa kwenye zile karatasi ndefu zenye matundu pembeni, yanapanda treni hadi Kaliua, kisha Kigoma, yanabandikwa ubaoni. Mrundi akifika kwenye ubao hatafuti jina kwanza. Anatafuta kilima alikotoka, maana kwao kilima ndicho kijiji, halafu anasoma walioandikwa chini yake.

Hapo ndipo ilipokuwa akili ya Callixte. Alinieleza kwamba programu ni maandishi tu: mtu anayaandika, halafu mashine inayageuza yawe kitu kinachofanya kazi. Kazi hiyo wanaiita kujenga. Lakini vilima vilikuwa zaidi ya mia tatu na kila wiki vinaongezeka, na ofisi kuu Kigoma ndiyo yenye orodha yake, wanaituma kwa disketi. Nani atakaa kuviingiza kimoja kimoja ndani ya programu? Kwa hiyo akatunga kiprogramu kidogo. Kila anapojenga, chenyewe kinatangulia kusoma ile orodha na kuandika faili zima la vilima, ndipo mashine inaendelea.

Baba yangu, mzee Masunga, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake toka Shinyanga, hakukubali hata kidogo.

"Mimi ng'ombe nikimwambia ajichunge mwenyewe, jioni nakuta kala mahindi ya watu."

"Mzee, huyu ng'ombe wangu ana akili."

"Hata wangu wana akili. Ndiyo maana wanajua mahindi yalipo!"

Likizo ya Juni alinipeleka ofisini nikaone. Jenereta inanguruma nje, maandishi yanateremka kwenye kioo kama mvua. Juu kabisa ya lile faili nikasoma kwa sauti: "Limeandikwa na mashine. Usilirekebishe kwa mkono."

"Nani kaandika hivyo?"

"Mashine."

"Na nani kaiambia mashine iandike?"

"Mimi," akasema, kifua mbele.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, alikuja mama mmoja anaitwa Vénérande. Alikuwa amekimbia vita na kufikia Katumba kwa dada yake. Njiani, usiku wa kuvuka mto, alipotezana na mwanawe Didace, kijana wa miaka kumi na sita. Kilima chao ni Gasenyi, na Gasenyi haikuwamo kwenye orodha. Utaratibu ulikuwa kuandika barua Kigoma, waiongeze, wairudishe kwa disketi. Wiki tatu, pengine nne. Huku yule mama amekaa kwenye benchi, kitenge kimejaa vumbi la safari, hataki hata maji.

Callixte akamwonea huruma. Akafungua lile faili lililoandikwa na mashine, akaingiza mstari mmoja kwa mkono wake: Gasenyi. Akamalizia kujenga kutokea hapo, bila kukiendesha tena kile kiprogramu. Ikakubali. Akamwita mama aje aone jina lake kwenye kioo. Mama hajui kusoma, akaligusa kwa kidole.

"Ni mimi huyu?"

"Ni wewe, mama. Ijumaa tunachapa."

Ile barua ya Kigoma alisema ataiandika kesho yake. Kesho yake yalikuja malori mawili ya watu wapya.

Ijumaa ikafika disketi yenye vilima vipya kumi na viwili. Callixte akajenga tangu mwanzo kama kawaida. Kile kiprogramu kikafanya alichokiagiza: kikafuta faili la zamani, kikaandika jipya kutoka kwenye orodha. Orodha haikuwa na Gasenyi. Na jina lisilo na kilima programu ililiruka, kimya kimya, bila hata kulia pii. Zikachapwa kurasa mia moja na arobaini. Nani angezisoma zote?

Mama Vénérande akawa anakuja kila Alhamisi, amepakiwa nyuma ya baiskeli ya shemeji yake. Ofisi ikifungwa anakuja nyumbani, mama yangu anampa uji.

"Mashine yako imesemaje leo, mwana wanje?" Yaani mwanangu, kwa Kirundi.

"Bado, mama. Subira."

Januari 1998 ikaja barua ya Leonidas, karani wa kambi moja Kigoma. Ilikuwa fupi. Kijana Didace wa Gasenyi amekuja kusoma ubao Jumamosi tano mfululizo. Kilima chake hakipo. Amesema basi mama yake atakuwa amekufa, ameondoka na wenzake kuelekea Zambia.

Siku ile Callixte hakula. Sisi tulidhani malaria. Aliandika barua Zambia, moja baada ya nyingine, hazikujibiwa. Akawaomba Kigoma waiongeze Gasenyi, ikaingia kwenye orodha, ikachapwa kila Ijumaa, safi kabisa, na hakuna aliyekuja kuisoma. Na kila Alhamisi akaendelea kusema bado, mama. Mwaka mzima na nusu. Nilimwona akijificha chumbani akisikia kengele ya ile baiskeli.

Mwaka huu wa 1999, mwezi wa nane, ofisi ilifungwa. Alhamisi ya mwisho hakujificha. Alimkalisha mama Vénérande uani kwetu, akamweleza yote kwa Kirundi, kisha akayarudia kwa Kiswahili, nadhani alitaka na sisi tusikie. Baba alikuwepo. Hakutania.

Yule mama akakunja ncha ya kitenge, akaikunjua.

"Kumbe alinitafuta," akasema. "Alinitafuta mara tano, na mimi sikuwepo."

Akaomba asindikizwe kwenye baiskeli. Hakugeuka.

Tulibaki mimi na Callixte. Sasa niko kidato cha pili, najua si kila kitu cha kuuliza. Ni yeye aliyeanza.

"Mdogo wangu, uliwahi kuniuliza kazi yangu ni ipi."

"Nilikuwa mtoto, kaka."

"Kazi yangu ilikuwa barua moja ya kwenda Kigoma. Mengine yote mashine iliweza."