Mawe Machafu ya Wangechi

Mwaka wa 1974 hakuna mtu Nyeri aliyejua kusugua kuliko Wangechi. Alisugua sakafu ya hoteli ya Haridas mpaka wageni wakateleza. Haridas alipoleta tangi la kioo lenye maji ya bahari, samaki saba, mawe na tumbawe moja laini kutoka Mombasa, kazi ya kulitunza alimpa yeye. Wenzake walicheka, ati mwanamke wa Kiganjo ambaye bahari hajaiona hata kwenye picha! Yeye alifurahi mno. Ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye jina.

Basi kila Ijumaa aliyatoa mawe, akayachemsha, akayapiga brashi mpaka yakawa meupe pe. Samaki nao aliwalisha kama wageni wa harusi, maana kwao mgeni hapimiwi chakula. Mwezi haukuisha, samaki saba wakawa wawili, na tumbawe likajikunyata, likakataa kufunguka. Maji yakaanza kunuka.

"Mimi nangoja mpaka Jumamosi tu," Haridas alimwambia. "Hawa wawili wakikufa, tangi natoka, na wewe narudi nyumbani."

Jumapili Wangechi alikwenda kwa mama yake, Kabura, moyo mzito. Ili asikae bure alichukua kibuyu cha kuchachushia uji, akatia sabuni. Kabura alikinyakua.

"Ati unaosha kibuyu yangu na sabuni? Hiyo uchafu iko ndani ndiyo inachachusha uji! Ukiitoa, uji inaoza tu. Nani alikufunza hiyo maneno?"

Wangechi alisimama kama aliyepigwa kofi, kisha akacheka peke yake, mama yake akimtazama kwa wasiwasi. Kumbe ndani ya kibuyu mna kitu kisichoonekana kinachofanya kazi! Na yeye, kila Ijumaa, alikuwa akiwachemsha wafanyakazi wa tangi wakiwa hai.

Nyuma ya jikoni lilikuwapo pipa la maji ya bahari lililoletwa juzi kutoka Mombasa, na ndani yake mawe mapya ya kahawia, yenye utelezi, ambayo alikuwa hajayagusa. Jumatatu asubuhi alibadilisha nusu ya maji ya tangi, akayatia mawe yale hivyo hivyo. Chakula akapunguza mpaka kikawa cha ncha ya vidole.

"Wewe naweka takataka!" Haridas alipiga kelele.

"Bwana, anayefukuzwa ni mimi. Wacha nifukuzwe na makosa yangu."

Jumanne hakufa samaki. Jumatano harufu ilikatika. Alhamisi Gatimu, mwalimu wa sayansi aliyekuja kunywa chai, aliinama mbele ya kioo.

"Kwenye huo utelezi kuna bakteria," alisema. "Wanaigeuza sumu ya kinyesi cha samaki isidhuru. Chakula kikizidi, kazi inawashinda. Nani alikufundisha?"

"Maitu, mama yangu."

"Alisomea wapi?"

"Jikoni."

Jumamosi saa nne asubuhi tumbawe lilifunguka, vidole vyake vyote vikicheza majini, na samaki wawili wakapita katikati yake wakiwa wazima. Wangechi alilia kwa furaha, wala hakujificha. Wapishi walikuja mbio, na Haridas, kwa furaha, akamega mkate awatupie samaki.

"Toa mkono!" Wangechi alinguruma.

Haridas, katika hoteli yake mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili na kuula mkate ule yeye.