Mahindi Yaliyokuwa Bado ya Moto

Siku ile nilikuwa nawafundisha kidato cha sita jinsi jua linavyowaka, na nilijaa majivuno, maana somo hilo nalipenda kuliko wao wanavyolipenda. Niliwaambia wasahau kuni na mkaa. Katikati ya jua kuna viini vya haidrojeni. Vyote vina chaji chanya, kwa hiyo vinasukumana, havitaki kukaribiana. Lakini joto la pale ni mamilioni ya nyuzi, na uzito wa jua lenyewe unavibana. Vichache vinakaribiana mno, na hapo nguvu nyingine, kali zaidi, inavikamata. Hatua kwa hatua, vinne vinakuwa kiini kimoja cha heliamu.

"Ukikipima," nikasema, "ni chepesi kuliko vile vinne. Kilichopungua ndicho mwanga huu."

Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, na jua likitoweka sasa hivi?"

"Hatutajua. Mwanga uliokwisha kutoka bado uko njiani. Kwa dakika nane hivi mtaendelea kuanika nguo zenu."

Wakacheka, nami nikacheka. Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mama mdogo, anayeishi na sisi.

"Baba, njoo nyumbani mara moja. Mama yako presha imepanda."

"Anaongea?"

"We njoo tu."

Asubuhi nilimwacha mama uani kwetu, mtaa wa Mfaranyaki, akianika mahindi kwenye turubai na kunisema kwamba nimekonda. Nikapanda bodaboda pale Matogoro, nje ya shule. Dereva ni jirani yetu, mtu wa mwendo kasi na maneno mengi. Siku hiyo aliendesha polepole. Nikamweleza habari za jua ili nisiwaze; akawa anaitikia tu, "Ndiyo, mwalimu."

Mtaani kwetu redio za madukani zilikuwa kimya. Muuza vitumbua, ambaye hajawahi kuniacha nipite bila utani, aliinamia kikaango chake. Watoto wakaniamkia kwa sauti ya chini, shikamoo, shikamoo, kisha nikahisi macho yao mgongoni. Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Mtu huitwa kwanza, afike, aketishwe, ndipo aambiwe. Nilijua hivyo tangu utotoni, na bado nilikuwa najiambia kwamba presha hupanda na kushuka. Niliwachukia wote kwa upole wao.

Uani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka. Mama mdogo akanivutia kiti. "Kaa kwanza, baba."

Sikukaa. Mahindi yalikuwa yametandazwa vilevile, yamesawazishwa kwa mkono wake, hakuna aliyekumbuka kuyaanua. Nikachuchumaa, nikazamisha vidole. Yalikuwa ya moto.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Tulisubiri wazee waseme uitwe," akajibu, akilia sasa. "Ulipotoka tu asubuhi, baba. Hata kona ulikuwa hujakata."