Mhariri Juu ya Mkeka

Mhariri wetu ana vidole laini vya mtu asiyewahi kubeba boksi la vitabu, na kila baada ya sentensi mbili hulipapasa jalada la jarida lake jipya kama anayembembeleza mtoto. Siku ya uzinduzi, hapa Suva, Fiji, alisimama na viatu vyake juu ya mkeka aliousuka mama yake mshairi wetu Litia, akahutubia saa nzima kuhusu "sauti zisizosikika." Kava, kinywaji chetu cha mizizi cha kukaribishia wageni, ikatuama bakulini ikisubiri kunywewa.

Litia akauliza, "Kaka, shairi langu liko ukurasa gani?"

"Aa, dada yangu, tahariri ilirefuka kidogo. Toleo lijalo, usijali."

Akarudi kwenye sauti zisizosikika. Mama akapiga magoti mbele yake.

"Inua mguu, mwanangu."

Akauinua, huku akihutubia.

"Na huo mwingine."

Mama akakunja mkeka wake.