Theluthi ya Mpiga Dramu

Sijui jina la hata mmoja wa wapiga dramu ninaowapenda. Nyimbo zao za roki zilinifikia Karatu kwenye kaseti tatu zisizo na maganda, ndani ya mfuko wa rambo, mkononi mwa mpishi wa lori la watalii ambaye shangazi yangu alimwazima turubai siku ya mvua.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaletwa kutoka Moshi kumsaidia shangazi katika duka lake la vifaa vya ujenzi. Kati yangu na barabara palikuwa na dirisha la nondo, na ufunguo wa mlango ulikaa kiunoni kwa shangazi. Nilizichukia nondo zile. Magari ya watalii yalipanda kreta asubuhi, yakashuka jioni, na mimi niko palepale, napima misumari.

Basi nikawa na watu wangu wa kwenye kaseti. Wa kwanza alikuwa na hasira, akipiga kama anayegombana na mlango. Wa pili alikuwa na mbio mno. Huyo nilimweka kwenye redio ya dukani siku za mnada. Wa tatu alikuwa mvivu kwa makusudi. Kila pigo lake lilichelewa kidogo, unadhani amesinzia, kumbe huyo, amefika. Huyo ndiye niliyempenda hasa.

Mzee mmoja mfugaji kutoka Loliondo, aliyefuata bati, alimsikiliza yule wa hasira, akauliza, "Hawa wanafukuza fisi?" Kisha akasema, "Sisi tunaimba bila ngoma, koo inatosha."

Alisema "hawa", na mimi nilikubaliana naye kabisa. Kanisani kwetu Moshi kila ngoma ilikuwa na mtu wake, na seti ya dramu sikuwahi kuiona. Niliamini kila mmoja wa watu wangu hao ni wapigaji watatu wanaokwenda pamoja: wa ngoma kubwa, wa ngoma ndogo na wa matoazi. Nikachagua ngoma ndogo. Miaka miwili niliifanyia mazoezi kwenye kopo la rangi, kwa vipande viwili vya mpini wa ufagio.

Kisha usharika wetu wa Karatu ukaletewa dramu. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akinisikia dukani, alimwomba shangazi aniachie nijaribu Jumapili moja baada ya ibada. Atakayeweza angekwenda na kwaya kurekodi Arusha. Arusha! Nilitaka kutoka tu, hata kwa siku tatu.

Jumapili hiyo nikaketi nyuma ya dramu, nikashika fimbo, nikasubiri.

"Haya, anza," mwalimu akasema.

"Wenzangu wawili wako wapi, mwalimu?"

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Fundi aliyekuja kuzifunga dramu hakucheka. Aliniomba nimpishe, akakaa, akapiga zote peke yake, mikono na miguu, kila kiungo na kazi yake. Kumbe yule mvivu wangu alikuwa mtu mmoja! Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na hapohapo nikaona aibu. Miaka miwili nilikuwa nimejifunza kuwa theluthi ya mtu. Miguu yangu haikujua kitu, na Arusha akaenda mwingine.

Nikarudi nyuma ya nondo. Chini ya kaunta, ambako shangazi haoni, nilipanga vipande viwili vya mbao juu ya tairi kuukuu, nikaanza kufundisha miguu. Mikono niliilaza juu ya daftari. Ukapita mwaka mzima hivyo.

Siku moja asubuhi shangazi alisimama akaitazama mikono yangu juu ya daftari.

"Mwanangu, siku hizi umetulia," alisema. "Zamani mikono yako ilikuwa inagonga kila kitu. Nimeongea na baba yako. Duka hili nitakuachia wewe."

Akaufungua ufunguo wa mlango kutoka kiunoni, akauweka kiganjani mwangu.

"Asante, shangazi," nikasema. Chini ya kaunta mguu wangu wa kulia uliendelea kupiga, ukichelewa kidogo.