Oili Chafu Uwanjani

Kila nikipita gereji za eneo la Baba Dogo, Nairobi, harufu ya oili chafu hunirudisha kwenye uwanja wa mtaa wetu, asubuhi moja ya Jumamosi. Shangazi yangu alichezea timu ya mpira wa kikapu, ya kwanza ya wanawake kwetu kulipwa mshahara, na siku hiyo walikuwa na mechi nyumbani. Tulikuta sakafu yote inang'aa nyeusi kwa oili chafu. Mwenyekiti wa mtaa, aliyetaka uwanja uwe maegesho ya malori, alikuwa kando akitafuna mua.

"Wamama, nendeni mkapike," alisema. "Leo hakuna mchezo."

"Ni wewe umemwaga?" shangazi akauliza.

"Na kama ni mimi, utanifanya nini?"

Shangazi alitutuma sisi watoto kwa seremala, tukaleta magunia ya vumbi la mbao la kunyonya oili. Wachezaji walipiga magoti wakiwa na jezi zao, wakasugua hadi mikono ikawa myeusi. Walicheza wakiteleza na kuanguka, na wakashinda. Baada ya filimbi ya mwisho, shangazi alimwendea mwenyekiti, akajipangusa viganja kwenye shati jeupe la bwana huyo.

Hakumsalimia tena. Mwenyekiti alipofariki, mtaa mzima ulikwenda matanga. Shangazi alikwenda mazoezini.