Zuurakan na Mbio za Mwezi wa Sita

Zuurakan hakuwahi kuketi akamaliza kikombe cha chai. Nimemjua tangu nilipoanza kupima maziwa katika kituo cha Kochkor, mji wetu mdogo wa milimani, na kwa miaka kumi na minne sijamwona akiegemeza mgongo kwenye kiti. Aliendesha gari la maziwa, lile lenye tangi jeupe, kijiji hadi kijiji kuanzia alfajiri. Akifika kwangu hazimi injini. Husimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, akapiga mafunda mawili, akaondoka.

"Hicho kiti hakina miiba," nilimwambia siku moja.

"Wewe kikalie, Talant. Ndiyo maana umeanza kufanana nacho."

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, hakujaliwa mtoto, mfupi, mwenye sauti ya kumwita farasi akiwa ng'ambo ya mto. Kwa kuwa kila asubuhi alipita kwenye kila lango, alijua nani anaumwa kabla hata ya daktari. Hivyo ndivyo kilivyoanza chama chao cha kina mama, walichokiita Tilek, yaani haja ya moyo. Kazi yake ilikuwa moja: mtoto aliyeugua sana atimiziwe jambo moja analolitamani. Ofisi hawakuwa nayo. Huyu alitoa zulia la sufu liuzwe, yule kondoo, wengine walikaanga maandazi siku ya soko, na Zuurakan alipitisha ndoo ya michango malango yale yale alikochukua maziwa. Mtoto mmoja walimpeleka kuona treni. Mwingine walimjengea banda la njiwa.

Kisha akaja Ermek, aliyetaka baiskeli ya buluu. Baiskeli ilipatikana wiki ile ile. Lakini mfanyabiashara aliyetoa sehemu kubwa alitaka kuikabidhi kwa mkono wake, mpiga picha akiwepo, na wakati huo alikuwa safarini. Kina mama wakakubali kumngoja siku tisa, Zuurakan naye akakubali. Ermek alifariki siku ya saba.

Zuurakan hakulizungumza jambo hilo. Ila kuanzia hapo, ukimwambia "subiri" alikutazama kama umemtukana.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, alikwenda Bishkek, mji mkuu, kumwona Kanyshai, msichana wa miaka kumi kutoka kijiji cha Kara-Talaa, aliyekuwa na saratani ya damu. Nilifuatana naye kwa sababu gari la kwenda huko lilikuwa langu. Baba wa mtoto alikuwa kibaruani Urusi. Mama yake, Jyldyz, alikuwa amepanga chumba karibu na hospitali. Tulipoingia wodini, tukiwa tumevaa barakoa, tulimkuta Kanyshai ameketi kitandani, kichwa hakina unywele hata mmoja, anatangaza mbio. Mbio za dripu.

"Dripu ya dirishani inaongoza," alikuwa akisema kwa sauti ya redio. "Dripu ya mlangoni inasuasua, nadhani imekula sana asubuhi. Na yangu mimi, jamani, imelala usingizi."

Watoto wenzake walikuwa hoi kwa kicheko. Muuguzi mmoja aliinua vidole viwili kuweka dau.

Zuurakan alimuuliza anataka nini. Kanyshai hakufikiri.

"Nitangaze mbio za farasi za kweli, shangazi. Na spika. Baba alikuwa ananipeleka kila mwaka, na yule mtangazaji wetu hajui kazi. Anataja mshindi tu. Mimi nitawataja na wa mwisho."

Daktari alituambia kwamba mwanzoni mwa mwezi wa sita, kati ya dawa na dawa, kungekuwa na siku kumi za kupumzika. Angeweza kwenda nyumbani, kwa masharti: asikae katikati ya watu, asile wala kunywa kibichi chochote, na homa ikipanda tu arudishwe siku hiyo hiyo.

Njiani kurudi Zuurakan aliniharakisha korongo zima.

Mbio kwetu ni za vuli. Mwenye neno katika mambo hayo ni mzee Dooronbek, mfugaji wa Kara-Talaa, mtu mnene na mpole, tena mbishi. Tulimkuta akikagua kwato za farasi.

"Mdogo wangu," alimwambia Zuurakan, "farasi si redio, kwamba unawasha na kuzima. Saa hizi wamejaa majani ya masika, matumbo kama magunia. Wanahitaji siku arobaini za kufunzwa. Subiri vuli."

"Sisubiri."

"Basi mimi siwapandishi vijana juu ya farasi wasio tayari. Akivunjika mtoto wa mtu?"

"Pandeni wenyewe, kaka. Nyinyi wenye farasi. Mmejaa majani ya masika vilevile."

Dooronbek akacheka mpaka akashika ukuta. Wiki ile walijiandikisha sita: yeye mwenyewe, mwalimu wa hesabu, daktari wa mifugo, mwenye duka, na ndugu wawili wafuga nyuki. Hakuna aliyekuwa chini ya miaka arobaini na mitano. Kina mama walisambaza habari, kila anayekuja kutazama atoe anachoweza, na mshereheshaji wa harusi akaazimisha spika zake. Kanyshai angetangaza akiwa ndani ya gari langu, juu ya kilima, vioo vimefungwa.

Asubuhi ya siku iliyopangwa, Jumamosi, mtoto na mama yake walikuwa wameshafika nyumbani Kara-Talaa siku mbili kabla. Watu walijaa uwanjani. Mimi na Zuurakan tukaenda kuwachukua. Jyldyz alitoka, akasimama kizingitini.

"Amelegea leo. Homa haijafika kiwango cha daktari, lakini amelegea. Nimempigia, amesema nimwache alale. Kama haipandi, tuangalie kesho na keshokutwa."

Zuurakan alikuwa hajashuka vizuri kwenye gari. "Ni dakika ishirini tu, Jyldyz. Nitambeba. Watu wote wamekuja."

"Nimesema amelala."

"Na kesho ikiwa mbaya zaidi? Na keshokutwa? Unajua wewe kesho ina nini?"

Jyldyz hakupandisha sauti. "Dada, haraka hii ni ya nani? Ya Kanyshai au ya yule mtoto wa baiskeli?"

Nilitamani nisiwepo pale. Zuurakan alizunguka gari mara mbili. Kisha akaenda uwanjani kwa miguu, akapanda juu ya lori la spika na kuwaambia watu warudi nyumbani, wataitwa. Wengine walinung'unika. Dooronbek akawauliza kama kuna mtu aliyekuja kutoka mwezini, maana wote aliwaona ni majirani.

Siku tatu hizo sitazisahau. Zuurakan alikusanya maziwa kwa mwendo wa kasi hata siku mbili yakamwagika njiani. Jioni alisimama nje ya nyumba ya Jyldyz bila kubisha hodi, akapasua kuni ambazo hakuna aliyemwomba, akafagia ua, akafagia tena. Siku ya pili Jyldyz alimtolea kigoda na chai.

"Kaa, dada."

"Siwezi."

"Najua. Kaa hivyo hivyo."

Akakaa. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipomsimulia Jyldyz habari za Ermek, mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza.

Jumanne Kanyshai aliamka akaomba supu na tambi, akamaliza. Daktari akasema kwa simu, nendeni, muwe wepesi. Watu waliitwa kwa simu na kwa kelele za malangoni. Walikuja wengi kuliko Jumamosi.

Kanyshai alikaa kiti cha mbele, blanketi miguuni, kipaza sauti kwa mikono miwili. Jyldyz alikaa nyuma, simu yake imeelekezwa mbele ili baba asikie kule Urusi. Bendera ikashuka.

"Wametoka," alisema Kanyshai, na sauti yake ndogo ikaenea bonde zima. "Mwalimu wa hesabu anaongoza. Mwalimu, usigeuke, hakuna anayekufuata. Wafuga nyuki wako pamoja, wanagombana. Daktari wa mifugo anapitwa na farasi asiye na mtu. Huyo farasi ni wa duka. Mwenye duka yuko chini. Hajaanguka, ameamua kupumzika."

Watu walikaa chini kwa kucheka. Mwenye duka aliinuka kwenye nyasi na kupunga mkono.

"Na wa mwisho kabisa, ndugu wasikilizaji, ni babu Dooronbek. Babu, farasi wako anatazama nyuma. Nadhani anauliza kama utashuka msaidiane."

Mzunguko wa tatu sauti ilianza kukwaruza, kisha ikabaki hewa tu. Midomo yake ilikuwa na vidonda vya dawa. Alikohoa, akamtazama Zuurakan aliyekuwa amesimama nje ya kioo, akanyoosha kidole kwake.

"Malizia, shangazi," alinong'ona spikani.

Zuurakan hakuhitaji kipaza sauti. Alimtangaza mwalimu akishinda, akawataja wote waliofuata, na akamngoja Dooronbek mpaka alipovuka mstari kwa mwendo wa mtu aendaye posta. Kanyshai alikuwa ameshalala, mdomo wazi.

Tuliwarudisha Bishkek Ijumaa. Michango ya siku ile ililipia chumba cha Jyldyz mpaka majira ya baridi. Dawa ziliendelea miaka miwili, na mara mbili tulidhani tumempoteza. Sasa Kanyshai yuko darasa la saba, na mwalimu wa hesabu analalamika kwamba haachi kusema darasani.

Kila baada ya miezi mitatu anakwenda kupimwa damu, na mama yake hunipigia simu majibu yakitoka. Siku hiyo gari la maziwa hufika kwangu kabla ya wakati, injini inanguruma, na Zuurakan anasimama mlangoni bila hata kushika kikombe.

"Wamepiga?"

"Bado."

"Nitapita tena," anasema, na kabla sijamjibu ameshaondoka.