Bustani ya Kula na Bustani ya Kuuza

Huku kwetu, upande wa Nyakoe, karibu kila anayelima mboga ana bustani mbili. Moja iko nyuma ya jikoni, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, na hiyo ndiyo ya kula. Nyingine iko chini kwenye bonde, karibu na kijito, na hiyo ni ya kuuza. Ya kula haiguswi na dawa. Ya kuuza inapigwa dawa mpaka wadudu wenyewe wahame kijiji. Hatuliongelei jambo hili. Ukimkuta jirani yako na pampu mgongoni unamsalimia, unamuuliza habari za watoto, unapita.

Mimi nilikuwa na hizo bustani mbili na nilikuwa nalala vizuri tu. Nasema kweli. Kama kuna mtu alitaka kuniona nimekosa usingizi kwa sababu ya mboga, angengoja sana.

Kisha binti yangu akajifungua. Ameolewa Keroka, na huyo ndiye mtoto wake wa kwanza, msichana, mdogo kama kifaranga. Siku ya tatu akanipigia simu akilia kwamba maziwa yanatoka matone tu. Kwetu mama aliyejifungua hupewa chinsaga, ile mboga chungu ambayo wengine huiita mgagani. Inachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa, inarudishwa motoni na maziwa ya ng'ombe mpaka inalainika kabisa. Ndiyo inayorudisha damu, ndiyo inayoleta maziwa. Mama yangu alinipa mimi, na mimi ningempa binti yangu. Nikamwambia, "Acha kulia, mama. Ijumaa nakuja na chinsaga yako."

Wasiwasi ukaniingia palepale nilipokata simu. Ilikuwa kiangazi, jua linachoma hata majani ya ndizi, na chinsaga yangu ya jikoni ilikuwa na vikonyo vichache vya kuhurumia. Nikawa naimwagilia asubuhi na jioni, naikagua jani kwa jani. Mume wangu akanicheka, "Kwani unaisomea shule hiyo mboga?" Nikamwambia aniache. Usiku nilikuwa nawaza huyo mtoto ananyonya titi kavu.

Ile ya bondeni, kwa sababu ya maji ya kijito, ilikuwa imestawi. Lakini Jumanne nikakuta wadudu weusi wamejaa chini ya majani. Nikaenda kwenye duka la dawa za shamba, mwenye duka akanipimia kidogo kwenye chupa tupu ya soda, maana chupa nzima singeweza kuinunua. Akaniambia, "Mama, ukishapiga, ngoja siku saba ndiyo uvune." Nikasema sawa. Nikapiga jioni hiyohiyo.

Alhamisi mchuuzi anayetununulia mboga akapiga simu. Chinsaga imekosekana kila mahali, ana gari linaenda Nairobi, anataka yote niliyo nayo, na bei aliyoitaja sikuwa nimeisikia tangu nianze kulima. Nikamwambia bado. Akasema, "Bado nini, mama? Wiki ijayo mvua ikinyesha kila mtu atakuwa nayo." Alikuwa hajakosea. Nikasimama pale kwenye bonde na kisu mkononi. Nikajiambia kwamba hii mboga inachemshwa na maji yanamwagwa, dawa itaondoka na hayo maji. Nikajiambia siku mbili na siku saba si mbali sana. Nikajiambia pia, na hili ndilo linalonichoma, kwamba ni ya Nairobi. Watu wa Nairobi mimi siwajui. Nikavuna yote, nikafunga mafungu, akachukua.

Ijumaa asubuhi nikachuma ile ya jikoni, haikujaza hata mfuko mmoja, nikaifunika kwa majani ya ndizi isinyauke. Nikaenda Keroka. Njia nzima nilikuwa nashika huo mfuko kifuani na kuuliza moyoni kama itatosha.

Nilipofika nilimkuta mkwe wangu, mama wa mume wa binti yangu, amekuja tangu jana kumsaidia. Ni mwanamke mpole, mwenye heshima zake, na mimi na yeye tunaheshimiana mpaka inachosha. Kwetu mkwe humkalii hovyo, humjibu hovyo, wala hukatai chakula chake. Tukasalimiana kwa urefu kama inavyotakiwa. Akaniambia, akicheka, "Umechelewa, mkwe. Jana jioni nilipita sokoni nikapata chinsaga nzuri sana, majani mapana, hayana hata tundu moja. Nimepika usiku, leo asubuhi naipasha moto tu."

Nikafurahi. Kweli kabisa nilifurahi, nikasema Mungu asifiwe. Kisha nikageuka kuweka mfuko wangu mezani, nikaona fungu moja lililobaki.

Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Nikifunga mboga kwa uzi wa mgomba, naanzia upande ambao wenzangu wanamalizia, na ncha naichomeka ndani kwa juu. Hakuna mwanamke mwingine sokoni anayefunga hivyo, wamenitania kwa hilo miaka mingi. Nikalishika lile fungu. Nikaligeuza. Obaye! Yule mchuuzi alikuwa ameteremsha baadhi ya mafungu Keroka kabla gari halijaenda.

Binti yangu alikuwa kitandani, mtoto amelala ubavuni mwake. Mkwe wangu akapakua bakuli, mvuke unapanda, harufu ya maziwa nyumba nzima. Nikasema, "Ngoja kwanza, mkwe, acha nipike hii yangu, ni mbichi." Akasema yake imeshaiva, yangu binti ataila jioni. Nikasema hiyo imelala. Akasema inapolala ndiyo inanoga, hata mimi najua. Kweli najua. Nikasema, "Labda ina mchanga." Hapo akanitazama. "Mkwe, nimeiosha mara tatu. Kwani chakula changu kina shida?"

Nilikuwa nawaza nijikwae nilimwage lile bakuli, nijifanye kizunguzungu. Mwanamke mzima, shemasi wa kanisa, natafuta namna ya kuanguka! Nikisema ukweli, huyu mama atajua mwanawe ameoa katika nyumba inayouza sumu. Atamwambia dada yake, dada yake atamwambia nani, na binti yangu ataishi na hilo jina katika boma hilo maisha yake yote. Nikinyamaza, anakula.

Binti yangu akachukua kijiko.

Nikamnyang'anya. Ilimwagika kwenye blanketi na mkononi mwangu, ilikuwa ya moto, sikuisikia. Nikasema kwa sauti ambayo hata mtoto alishtuka, "Usile. Hiyo mboga ni yangu. Niliipiga dawa Jumanne, nikaiuza jana."

Mkwe wangu akaketi polepole ukingoni mwa kiti. Binti yangu akanitazama kama mtu aliyeamshwa vibaya, akasema, "Mama, nimeshakula. Alfajiri nilikula bakuli zima. Na mtoto amenyonya mara mbili."

Sijui nilivyofika zahanati. Najua nilimbeba mtoto mimi, na njiani nilikuwa naweka shavu langu puani mwake kusikia kama anapumua. Muuguzi akauliza, "Dawa gani?" Nikasema sijui. "Iliandikwaje kwenye chupa?" Nikasema ilikuwa chupa ya soda. Alinitazama tu, hakunitukana, na ningependa angenitukana. Tukampigia mwenye duka, simu haikushikwa. Tukapiga tena. Tukapiga mpaka ikashikwa, muuguzi akaongea naye akiandika kwenye karatasi. Akampima binti yangu, akampima mtoto macho, mate, mapigo ya moyo. Akasema kwa sasa haoni kitu, lakini tukae naye pale, na tukiona anatapika, au jasho, au analegea, tumwite mara moja.

Tukakaa kwenye benchi. Mkwe wangu alikuwa amekuja nyuma yetu na chupa ya chai, akanimiminia kikombe. Chai ikanimwagikia, akanishikia kikombe yeye mwenyewe. Haki, afadhali angenizomea mbele za watu. Kila mtoto alipopiga chafya nilisimama. Kila alipolala nilimgusa mguu aamke. Binti yangu akaniambia, "Mama, muache apumzike," nikamwacha, kisha nikamgusa tena.

Jua lilipoanza kushuka, mtoto alikuwa analia kwa njaa, kilio kizuri chenye nguvu, na muuguzi akasema kilio hicho ni cha mtoto mzima. Nikaanza kulia mimi. Nikamwambia binti yangu kwamba Mungu ametuhurumia, kwamba nitang'oa bustani yote ya bondeni, kwamba sitarudia. Nilisema mengi. Yeye alikuwa anamtazama mtoto.

Akaniuliza, "Ulivuna mafungu mangapi?"

Nikasema sikumbuki, yalikuwa mengi, gunia zima na nusu.

"Na mengine yalikwenda wapi?"

Nikasema Nairobi. Nilisema haraka, kama mtu anayetoa habari njema.

Akasema, bila hasira yoyote, "Huko Nairobi hakuna waliojifungua?"

Mkwe wangu akainamisha kichwa. Nikachukua simu nikampigia mchuuzi. Nilitaka kumwambia asimamishe gari, ateremshe mboga, nitamrudishia pesa zake zote. Alishika mara moja, sauti imejaa furaha, nyuma yake kelele za soko kubwa. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama! Mboga yako imeisha kabla ya saa mbili asubuhi. Wateja wameipenda, majani hayana tundu hata moja. Nyingine iko lini?"

Nikamwambia kila kitu. Akasema mboga ikishauzwa imeuzwa, hajui nani alichukua nini, na nisimwambie mtu mwingine maneno hayo. Akakata.

Tulirudi nyumbani kwa binti yangu, nikapika ile ya jikoni, ikatosha mabakuli mawili. Siku ya pili maziwa yakaanza kutoka kwa wingi. Mjukuu wangu hakudhurika. Kwa miezi mingi sasa namwona akinenepa, anacheka na kila mtu, na mkwe wangu hajawahi kulitaja jambo lile hata mara moja. Wakinipigia simu kutoka Keroka bado moyo unaruka kabla sijashika, kisha nasikia sauti ya mtoto nyuma na natulia.

Kwa wale wengine sina namba ya kupiga.